Jiko Moja, Gharama Mbili: Jinsi Chakula cha Mchana Kilivyokwama Katika Shule ya Kutwa

Shule ya kisa hiki ni ya mfano. Tumeiweka mashariki mwa Nairobi, pembeni ya Barabara ya Kangundo, mahali ambapo ploti za mawe zinapakana na machimbo na matatu za Ruai hazilali. Ni sekondari ya umma, ya kutwa, ya wavulana na wasichana. Bei na idadi tumezifanya namba nyepesi ili msomaji apige hesabu mwenyewe, lakini mtiririko wa mambo utautambua mhasibu yeyote wa shule ya kutwa. Stoo hukauka katikati ya muhula, bodi hukasirika, orodha ya wadeni husomwa gwarideni, na mwezi unaofuata hali huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mwaka 2024 shule ilikuwa na wanafunzi 850 kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Watahiniwa 210 walipomaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hawakupata wa kujaza nafasi yao. Januari 2025 haikuwa na kidato cha kwanza popote nchini: waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 walikuwa sasa kidato cha pili, na kundi la kwanza la mtaala mpya lilikuwa bado gredi ya 9, katika shule za msingi. Kwa hiyo shule ilifungua na wanafunzi 640. Madarasa manne yalibaki wazi, na hilo kila mtu aliliona. Jikoni hakuna aliyeona kitu, kwa sababu sufuria zilikuwa zilezile, wapishi walewale wanne, na moshi uleule.

Ada ya chakula ilipandishwa kutoka Sh35 hadi Sh40 kwa siku. Muhula wa kwanza ulikuwa wa wiki 13. Wiki ya kwanza haikupikwa, zikabaki wiki 12, yaani siku 60 za hesabu. Mzazi akaandikiwa Sh2,400, zilipwe siku ya kufungua.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, na ni kosa la kalenda. Mzazi wa mtaa huu hulipwa kwa siku au kwa wiki. Wa mjengo hupokea Jumamosi. Mama wa kufua nguo hupokea jioni. Wa bodaboda huanza kila asubuhi na deni la mafuta. Mwezi wenyewe ni ule watu wa Nairobi wanaouita Njaanuari, na kodi ya nyumba inangoja kabla ya tarehe 5. Kumwomba mtu huyo Sh2,400 kwa mpigo ni kumwomba kitu ambacho hana, ingawa Sh40 za leo anazo mfukoni. Tena wengi wao wana mtoto mdogo katika shule ya msingi ya umma anayekula chini ya mpango wa kaunti wa Dishi na County ulioanza 2023, ambako mzazi hutoa Sh5 kwa sahani. Mpango huo hauvuki lango la sekondari. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja wa Sh5 na mwingine wa Sh40, huona shule kubwa inamnyang'anya. Hakuna aliyemweleza tofauti inatoka wapi.

Hadi wiki ya 6, hali ilikuwa hivi. Wanafunzi 210 walikuwa wamelipa Sh2,400 zote. Wanafunzi 260 walikuwa wamelipa kidogo kidogo, wastani wa Sh1,000. Wanafunzi 170 hawakuwa wametoa chochote. Jumla iliyoingia: Sh764,000. Kabla ya kijiko cha kwanza, Sh180,000 zilikwenda kwa mwenye duka la nafaka la Nyamakima kulipa deni la mwaka uliopita, maana bila hivyo asingepakia gunia hata moja. Zikabaki Sh584,000.

Wote 640 walikuwa wakila. Alhamisi ya wiki ya 6, siku ya 24 ya kupika, stoo ilikuwa na chumvi, nusu debe la mafuta na magunia matupu. Ijumaa ni siku ya wali. Wanafunzi walipanga foleni na sahani zao, na hapakuwa na wali.

Sahani inagharimu nini hasa?

Bodi ilikuwa na namba moja tu kichwani, Sh40. Jikoni kuna namba mbili, na asiyezitenganisha hataona kwa nini mambo yaliharibika.

Namba ya kwanza ni kile kinachoingia kwenye sahani. Githeri ya shule hii ni gramu 150 za mahindi na gramu 75 za maharagwe, mbili kwa moja. Mahindi tukiyahesabu Sh4,500 kwa gunia la kilo 90, ni Sh50 kwa kilo, hivyo Sh7.50 kwa sahani. Maharagwe ya Sh130 kwa kilo ni Sh9.75. Mafuta mililita 8, Sh2.40. Kitunguu, nyanya, karoti na chumvi, Sh4. Jumla Sh23.65. Ugali na kabeji, kwa gramu 200 za unga, hufika Sh26.40. Wali wa gramu 130 na maharagwe gramu 60 hufika Sh31.10. Ratiba ya wiki ilikuwa ugali Jumatatu, githeri Jumanne hadi Alhamisi, wali Ijumaa. Wastani wake ni Sh25.70.

Kwa nini ugali Jumatatu? Maharagwe ya githeri huloweshwa usiku wa kuamkia siku ya kupikwa, na Jumapili usiku hakuna mpishi shuleni. Shule inayopanga githeri Jumatatu hupika maharagwe makavu, na hulipa kwa kuni.

Namba ya pili ni kile kinachobaki jikoni, ambacho hakipungui sana hata mwanafunzi mmoja asipokula. Wapishi wanne wa Sh17,000 kwa mwezi ni Sh3,400 kwa siku ya kupika. Kuni Sh2,240. Maji, pamoja na lori la maji wakati wa mgao, Sh640. Kuziba sufuria na kununua miko, Sh640 nyingine. Karibu Sh6,900 kwa siku. Ukigawa kwa sahani 640 unapata Sh10.80. Jumlisha na Sh25.70, sahani inakuwa Sh36.50.

Mwaka 2024 zile Sh6,900 zilikuwa zikigawanywa kwa watu 850, kama Sh8.10 kila mmoja, na sahani nzima ikawa Sh33.80. Ada ya Sh35 ilitosha. Basi hata kabla bei ya mahindi haijapanda kwa senti, sahani ya 2025 ilikuwa imepanda kwa karibu Sh3 kwa sababu tu wanafunzi walipungua. Kupandisha ada hadi Sh40 kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa nini.

Shimo lilikuwa la nani?

Kwa siku 24 jiko lilitumia karibu Sh579,000. Watu husema haraka kwamba zililiwa na wale 170 wasiolipa. Tulipange shimo lenyewe.

Siku ya 24, aliyelipa Sh2,400 alikuwa amekula chakula cha Sh960. Shule ilikuwa inamdai nini? Hakuna. Ni yeye aliyekuwa anaidai shule Sh1,440. Wakiwa 210, hiyo ni zaidi ya Sh302,000. Wale 260 wa Sh1,000 nao walikuwa wametangulia kwa Sh40 kila mmoja, siku moja ya akiba. Majina yao yalikuwa kwenye orodha ya wadeni iliyobandikwa nje ya ofisi ya mhasibu, na wastani wao haukuwa na deni la hata sahani moja. Kwa hesabu ya muhula walikuwa wadeni. Kwa hesabu ya tumbo, la. Wazazi wao walijua, na ndiyo maana wengi waliacha kulipa baada ya orodha ile. Ukimwita mtu mwizi akiwa amelipa, hutamwona tena dirishani.

Kwa hiyo shule ilikuwa na wajibu wa karibu Sh313,000 kwa waliolipa mbele, na mkononi ilikuwa na chini ya Sh5,000. Shimo ni kama Sh308,000. Limetoka wapi? Sh180,000 ni deni la zamani. Chakula cha wale 170 kwa siku 24, kwa bei ya kinachoingia kwenye sahani, ni karibu Sh105,000. Walimu na wafanyakazi 30 waliokula kila siku bila kuandikwa popote walitumia Sh18,500 hivi. Kiasi kidogo kilichobaki ni gharama za jiko ambazo waliolipa 470 hawakuweza kuzibeba peke yao.

Yaani karibu asilimia 58 ya shimo lilichimbwa mwaka mwingine, na sehemu yake na watu ambao wameshaondoka shuleni. Hapa deni la KCSE linastahili kuangaliwa. Muhula wa tatu ni wa wiki 9 tu. Wengine wanapofunga shule mwishoni mwa Oktoba, watahiniwa hubaki na mitihani hadi Novemba, na lazima wale. Shule ilibaki na wapishi walewale, na gharama za jiko zikashuka hadi Sh5,000 tu kwa siku. Zikigawanywa kwa watahiniwa 210 ni Sh23.80 kila mmoja, sahani ikafika Sh49.50 huku ikilipiwa Sh35. Hasara ya Sh14.50 mara 210 ni zaidi ya Sh3,000 kwa siku. Kwa siku 20 ni Sh61,000, theluthi ya deni lote la Nyamakima. Dawa yake ni rahisi kuliko ilivyoonekana: wakati wa KCSE washa jiko moja, wapishi wawili wachukue likizo yao hapo, na bei ya wiki hizo iandikwe peke yake tangu mwanzo wa mwaka.

Hatua iliyoumiza zaidi

Jumatatu ya wiki ya 7 bodi iliamua kwamba hakuna kadi, hakuna chakula. Waliolipa yote wakapewa kadi. Katika wale 260, waliopata kuongeza pesa walikuwa 170, nao wakapewa. Jumla kadi 380. Waliobaki 260, yaani 90 wa kidogo kidogo na 170 wasiotoa chochote, walifunguliwa lango saa 6:40 wakajitafutie.

Uamuzi huo unaonekana wa haki. Hesabu yake haikubali. Kwa sahani 380 kuni zilipungua kidogo na maji pia, lakini wapishi ni walewale. Gharama za jiko zikawa Sh6,000 kwa siku, na Sh6,000 kugawa kwa 380 ni Sh15.80. Sahani ikawa Sh41.50. Kila aliyelipa Sh40 sasa aliiletea shule hasara ya Sh1.50 kila siku aliyokula. Kumfukuza asiyelipa kulipandisha bei ya sahani ya aliyelipa.

Sasa mgeuze. Mwanafunzi mmoja zaidi akija na Sh30 mkononi, anaongeza gharama ya Sh25.70 tu. Sh4.30 zinazobaki zinawalipa wapishi. Mwenye Sh30 kwa hiyo ni msaada kwa jiko. Hata Sh26 zinajilipa. Chini ya hapo ndipo pana hasara, na ni hasara ya tofauti tu, si ya sahani nzima. Bodi ilikuwa ikikataa Sh30 kwa sababu hazikuwa Sh40.

Nje ya lango mambo yalikuwa yameanza. Pale pana vibanda vya chipsi, smokie, mandazi na chapati kwa madondo, na mwenye Sh30 hupata kitu. Mwanafunzi asiye na kitu hukaa chini ya mti wa jirani hadi kengele. Kila alasiri 60 hivi hawakurudi. Kipindi cha kwanza baada ya chakula, saa 8:00, walimu walifundisha viti. Naibu wa mwalimu mkuu akafunga lango, ukuta ukapata tundu. Akaziba tundu, wenye vibanda wakaja kulalamika kuwa shule inawanyima riziki. Watatu kati yao walikuwa wazazi wa shule hiyohiyo.

Kuna jambo la sheria ambalo bodi nyingi hulisahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inazuia kutoza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa kuwa hayajalipwa. Kila senti iandikiwe risiti rasmi. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa deni la githeri ni kujitafutia kesi. Na pesa za serikali, zile Sh22,244 kwa mwanafunzi zilizowekwa 2018 zinazogawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, zina vifungu vyake. Kuzihamisha kwenda stoo ya nafaka, hata kwa wiki moja na kwa nia njema, ni hoja ya ukaguzi inayomngoja mwalimu mkuu.

Muhula wa pili

Mkutano wa chama cha wazazi ulikubali vitu viwili kabla ya kugusa bei. Deni la zamani litoke kwenye sahani. Ukumbi ambao kanisa moja lilikuwa likiutumia Jumapili kwa asante tu ukaandikiwa mkataba wa Sh7,500 kwa Jumapili, pesa ziingie moja kwa moja kwenye deni. Kwa Jumapili 12 hizo ni Sh90,000. Si shimo lote, lakini mwenye duka alipoona hundi ya kwanza alianza kuuza tena kwa mkopo wa wiki mbili. Pili, orodha ya wadeni ikabanduliwa.

Halafu malipo yakageuzwa kuwa ya wiki: Sh200, hadi Jumapili saa 3 usiku. Jumapili kwa sababu mjengo hulipa Jumamosi. Kwa nini isiwe Sh40 kila siku? Kwa sababu ya makato ya kutuma pesa, na kwa sababu karani wa hesabu hawezi kuoanisha mamia ya malipo kila asubuhi. Anayetaka kulipa muhula mzima anaruhusiwa. Wengine ni lipa mdogo mdogo, kama wanavyolipia friji.

Paybill, nambari ya shule ya kupokea malipo ya simu, ilikuwa na ugonjwa wake. Nambari ya akaunti inatakiwa kuwa nambari ya usajili ya mwanafunzi. Wazazi waliandika jina la mtoto, jina la baba, au neno chakula. Pesa hizo zilikaa kwenye orodha ya zisizo na mwenyewe, na mtoto akabaki mdeni. Dawa ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye nambari ya paybill na nambari ya mtoto, kimoja kwa kila mzazi, na agizo kwa karani kusafisha orodha hiyo kila Jumatatu kabla ya saa 3 asubuhi. Kazi ya dakika 40. Ilikuwa haijafanywa tangu Januari.

Bei ikawa na ngazi tatu ambazo hazikutangazwa gwarideni: Sh40, Sh30, na bure. Mwalimu wa darasa ndiye anayependekeza, mzazi huzungumza naye faraghani, na kamati ndogo ya wazazi watano hupitisha. Kadi ni moja kwa wote, rangi moja, inatobolewa kila siku. Anayetazama foleni hawezi kujua nani ni wa ngazi gani. Hili si jambo la adabu peke yake: palipo na kadi ya rangi ya maskini, kijana wa kidato cha tatu atashinda njaa kuliko kuishika.

Mpango ulihesabiwa kwa 380 wa Sh40, 170 wa Sh30 na 90 wa bure. Unaleta Sh20,300 kwa siku. Jiko linataka Sh23,360. Pengo la Sh3,060 lilitafutwa jikoni kwenyewe, na hapa ndipo kazi ya kweli ilipokuwa.

Kuni kwanza. Mpishi mkuu alikuwa akinunua lori kwa macho, kuni mbichi, na kuziwasha wiki hiyohiyo. Kuni mbichi huchemsha maji yake yenyewe kabla ya kuchemsha ya sufuria. Moshi mwingi jikoni ni pesa inayotoka dirishani. Majiko mawili kati ya manne yalikuwa na nyufa, na mlango wa moto wa moja ulikuwa umetupwa. Fundi alipaka udongo wa kuhimili moto, akarudisha mlango, akasafisha bomba la moshi. Kuni zikaanza kununuliwa kwa kilo, zikapasuliwa unene wa kifundo cha mkono, zikapangwa chini ya mabati miezi mitatu kabla ya kuchomwa. Maharagwe yakawa yanaloweshwa kuanzia saa 11 jioni kwenye mapipa, maji yakimwagwa asubuhi. Mahindi yanaingia kwenye sufuria saa 11:30 alfajiri, maharagwe yaliyolowa saa 1:30, yote yanalainika kufikia saa 5:30, kisha yanakaangwa. Chumvi huwekwa mwishoni. Matumizi ya kuni yalishuka kutoka Sh2,240 hadi Sh1,400 kwa siku.

Aina ya maharagwe ina siri yake. Ya msimu uliopita, yaliyokaa kwenye stoo ya joto, hukataa kuiva hata ukichemsha hadi mchana. Yanauzwa rahisi kwa sababu hiyo. Kabla ya kununua magunia 10, chukua nusu kilo, loweka usiku, chemsha. Yakizidi saa mbili bado magumu, achana nayo. Mahindi nayo yapimwe unyevu, asilimia 13.5 ndiyo mwisho. Juu ya hapo ni ukungu, na sumu yake haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini, wengi wao Ukambani, kwa mahindi ya namna hiyo, na Ukambani si mbali na Kangundo Road. Magunia yalale juu ya mbao, yasiguse ukuta.

Kwa kuagiza kwa nukuu tatu za bei na kulipa kwa wakati, mahindi yalishuka hadi Sh44 na maharagwe Sh115 kwa kilo, akiba ya Sh965 kwa siku. Walimu na wafanyakazi 30 wakaanza kulipa Sh40. Ukitoa chakula chao, Sh430 zinabaki kwa jiko. Manung'uniko yalikuwepo wiki nzima.

Wali ulikuwa mgogoro. Kuufuta kabisa kungeokoa Sh950 kwa siku, na mhasibu aliutaka ufutwe. Kamati ilikataa, na tunaona ilifanya vyema: Ijumaa ndiyo siku mahudhurio yanapokuwa kamili, na mzazi husukumwa na mtoto anayetaka wali kuliko na barua ya bodi. Ukawekwa kila Ijumaa ya pili. Akiba ikawa Sh477.

Jumla ya vipunguzo hivyo ni Sh2,712. Pengo likabaki Sh348 kwa siku, sawa na sahani za wanafunzi tisa. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ndiyo iliyoelekezwa hapo. Shule za kutwa huandika barua ya ada yenye vifungu vichache hivi kwamba kamati ya basari huona hakuna cha kulipa. Barua mpya iliandika chakula cha mchana kama kifungu chenye kiasi chake kwa muhula. Tisa wakapatikana.

Yaliyobaki kukwama

Kugawa chakula ni ufundi unaodharauliwa. Mapumziko ni dakika 80, kutoka saa 6:40 hadi saa 8:00. Mpishi mmoja hugawa sahani kwa sekunde 8 hivi. Kwa foleni mbili, 640 humalizika baada ya dakika 43, na wa mwisho hula wakikimbia. Kwa foleni nne ni dakika 21. Upawa ulikuwa tatizo baya zaidi. Sahani ya githeri iliyopikwa ina uzito wa gramu 500 hivi. Mkono wa mpishi mkarimu huongeza gramu 60, na gramu 60 mara 640 ni kilo 38, yaani sahani 77 zinazokosekana mwishoni mwa foleni. Mwishoni husimama kidato cha pili, kwa sababu kidato cha nne huingia mbele. Upawa mmoja uliopimwa, unaokatwa kwa kisu cha mbao ukijaa, ulimaliza kesi hizo bila kuongeza gunia.

Stoo sasa hufunguliwa mbele ya watu watatu: mtunza stoo, mpishi, na mwalimu wa zamu, mwakilishi wa baraza la wanafunzi akisoma mizani. Kipimo cha githeri ya 640 ni kilo 96 za mahindi na 48 za maharagwe. Kinaandikwa kwenye leja kabla hakijatoka mlangoni. Mizani ya kuning'iniza iliwahi kuharibika wiki mbili, wakarudia kupima kwa gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka sokoni, na katika wiki hizo mbili maharagwe yalizidi kwa karibu gunia zima. Wapishi pia wana vyeti vya afya vinavyotakiwa kufanywa upya kila miezi sita. Viwili vilikuwa vimekwisha muda.

Siku za maandamano zilifundisha jambo. Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025 barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa na wazazi wengi waliwazuia watoto nyumbani. Ilikuwa siku ya githeri, maharagwe kilo 48 yakiwa tayari ndani ya maji tangu jioni, na yaliyolowa hayarudi guniani. Tangu hapo, jioni ya kuamkia siku ya mashaka, mpishi haloweki, bila hata kumpigia mtu simu. Siku hiyo ni ugali, maana unga usiopikwa unabaki unga.

Ngazi ya Sh30 ilivimba, kama ilivyotarajiwa. Kufikia wiki ya 5 wazazi 30 waliokuwa wakitoa Sh40 walikuwa wameshuka, Sh300 kwa siku. Kamati iliwaita mmoja mmoja. 12 walirudi juu bila ubishi, wengine walikuwa na sababu, na mmoja, mama mwenye kibanda cha mboga nje ya lango, alipendekeza kuleta kabeji za Jumatatu badala ya pesa. Zinapimwa, zinaandikwa kwenye leja kwa bei ya soko la siku hiyo, na anapewa risiti ya thamani yake. Sasa wenye vibanda wawili wengine wameuliza kama wanaweza kuleta nyanya.

Januari 2026 gredi ya 10 iliingia juu ya kidato cha tatu na cha nne, na hesabu yote ikabidi ianze upya: sahani zikiongezeka gharama za jiko hugawanyika kwa wengi, lakini zikipita zile 850 za 2024 majiko manne hayatoshi na foleni zinarefuka tena. Jiko la tano, pamoja na bomba lake la moshi, ndilo lililo mezani kwa bodi sasa, na fundi yuleyule ameombwa alete bei.